Hii reli ya "Belt" hapa Chicago inaenda wapi?

Dereva wa Midway: Wakuu, salaam. Naendesha lori Chicago, karibu kila siku napita daraja la Cicero Avenue, kusini ya uwanja wa ndege wa Midway. Chini pale reli zimejaa kama uzi kwenye kitanda cha kamba. Jana nikiwa kwenye foleni nikaona behewa la nafaka linateremka peke yake, halina kichwa wala mtu, likaenda likagonga wenzake: ngaa! Nikajua limetoroka. Vichwa vimeandikwa Belt Railway, lakini nje ya mji huu sijawahi kuviona.

Mstaafu Tabora: Huwezi kuviona, mwanangu. Njia yake kuu ni maili 28 tu, kama kilomita 45. Imeuzunguka mji mfano wa mkanda, ikizikatiza reli za wakubwa, yaani kampuni kubwa za reli. Na wanaoimiliki ni haohao wakubwa sita: BNSF, CN, CPKC, CSX, Norfolk Southern na Union Pacific. Mzigo wa Union Pacific toka magharibi, ukitakiwa kufika pwani ya mashariki, lazima akabidhiwe CSX au Norfolk Southern. Huyu Belt ndiye wa kati, tangu 1882.

Behewa lako halikutoroka. Hilo daraja lako liko juu ya yadi ya Clearing, wanapopangia mabehewa, na pale kuna kilima cha kutengenezwa. Kichwa kinasukuma treni polepole mpaka juu, kapla, ile ndoano inayounga mabehewa, inafunguliwa, behewa linashuka kwa uzito wake. Pointi, zile reli za kugeuzia njia, zinalipeleka njia yake, na breki zilizofungwa relini zinabana magurudumu. Ndizo zinazopiga ule mlio wa kukera meno. Mimi nimefanya shanting, yaani kupanga mabehewa kwa kichwa cha treni, miaka 19, kichwa mbele nyuma, mbele nyuma, nami nakimbia na bendera. Kilima kama hicho ningekioa!

Mama Kidatu: Shikamoo mzee. Hao wana bahati, geji yao wote, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1,435. Huku kwetu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067 na reli ya zamani ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni 1,000. Tofauti hata sentimita saba haifiki, lakini behewa halivuki, mzigo unahamishwa hapa Kidatu.

Mstaafu Tabora: Marahaba mama. Umenigusa kidonda.

Dereva wa Midway: Kumbe! Kesho nawapigia picha.

Mstaafu Tabora: Simamisha lori kwanza.