Nano za fedha zinamdhuru vipi samaki?

mdadisi: Wakuu naomba kueleweshwa, hizi chembe za nano za madini ya fedha wanazoweka kwenye soksi eti zisinuke, zikifika mtoni na maji ya kufulia zinamdhuru samaki kivipi, si ni ndogo mno?

kambale_mzee: Udogo wenyewe ndo shida mkuu. Nano ni nanomita 1 mpaka 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), fedha inaachia ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zile ayoni zinabana pampu ya sodiamu, ile inayoingiza chumvi mwilini, kwenye matamvua, samaki anapoteza chumvi mwilini mpaka anakufa.

tope: Msisahau dafnia, wale viroboto maji, wanachuja maji kutwa kutafuta mwani na wanameza chochote. Wakiwekwa kwenye maji yenye nano za kaboni ukiwatazama kwa hadubini utumbo mweusi tii, maana mwili wao unapitisha mwanga kama kioo!

mdadisi: Duh. Kwa hiyo kila mto hatari ni sawa?

kambale_mzee: Hapana bwana, maji yenye salfaidi (misombo ya salfa) au mboji nyingi yanaipunguza fedha makali, maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, ndo balaa. Titani dioksaidi ya losheni za jua nayo ikipigwa na mionzi ya UV inazidi ukali, tena inaweza kubeba kadimiamu, madini yenye sumu, ikaingia nayo mwilini mwa samaki.