Naomba ushauri: kidole kimepona, mbona mkono wa mzee haurudi?

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye, Kisumu. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie.

Mwezi jana grainda ilinichuna kidole gumba. Wiki mbili baadaye ngozi mpya ilikuwa imefunika, laini kama ya mtoto mchanga. Binti yangu wa kidato cha tatu akakishika, akauliza, "Baba, mbona hiki kimejirudi na mkono wa babu haurudi?" Mzee alipata kiharusi mwaka jana, hata kikombe cha chai tunamshikia.

Nilichoambulia kwenye daftari lake: seli za ngozi hugawanyika maisha yote, kila moja ikinakili kwanza kromosomu zake 46 (nyuzi zenye maelekezo ya urithi) ili seli mbili zinazotokea zipate kila moja seti kamili. Za utando wa utumbo zina haraka zaidi, siku chache tu utando ni mpya. Za ini hutulia mpaka ini lijeruhiwe. Chembe nyekundu za damu hazigawanyiki kabisa, maana hazina kiini. Huishi siku 120 hivi, uboho ukaleta nyingine. Lakini seli za neva, kama zile za ubongo ambazo kiharusi huziua, karibu zote zikishakomaa zimefunga duka, hazigawanyiki tena.

Sasa mwenye kujua anisaidie. Nini huiambia seli ya ngozi "gawanyika", kisha "basi, kidonda kimeziba"? Na daktari wa mazoezi ya viungo anasema neva zilizobaki zinaweza kujifunza kazi ya zilizokufa. Nimweleze vipi binti bila kumkatisha tamaa wala kumdanganya? Mzee mwenyewe hukaa hapo hapo akisikiliza.