Fielder ya 2008 Malindi: nani ataniangalizia namba ya chesisi?

Mama Rukia, Birmingham:
Assalaam alaykum jamaa. Mdogo wangu Malindi amepata Fielder ya 2008 kwa jirani pale Shella. Fundi ameisikiliza injini, kaipenda. Mtoa pesa ni mimi. Nasikia Toyota za miaka ile ziliitwa zirudi karakana kwa ajili ya mifuko ya hewa. Nimeingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, yaikataa. Gari lina kasoro ama vipi?

Ba Swaleh, Nagoya:
Wa alaykum salaam dada. Gari halina neno, ila hapo sipo pake. Wamarekani wataka herufi na tarakimu 17. Gari lililouzwa kwanza huku Japani lina namba fupi: NZE141, kistari, kisha tarakimu. Yaangaliwa kwenye ukurasa wa Toyota wa Japani, nao ni Kijapani kitupu. Nitumie mimi peke yangu, usiibandike hapa.

Na usilipe kwanza. Mifuko ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyowauzia watengenezaji wa magari mifuko ya hewa, ilitumia kemikali ya kulipuka iitwayo amonia naitreti. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika; siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, kikopo cha chuma kikapasuka na vipande vikamrukia mtu usoni. Ndiyo maana Marekani walitanguliza Florida na Hawaii. Haya, Malindi ina nini kama si joto na unyevu? Fundi wa kusikiliza injini hawezi kuliona hilo.

Takata walijua. Mwaka 2017 walikiri mahakamani Marekani kwamba waliwapa watengenezaji wa magari matokeo ya uongo ya majaribio. Mitsubishi nao mwaka 2000 walikiri kuficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Watu wetu wakisikia gari fulani limeitwa, hulikimbia. Mimi namwogopa zaidi aliyenyamaza. Aliyetangaza angalau kanipa pa kuuliza. Balaa ni kwamba barua ya mwito huenda kwa aliyesajiliwa kule. Gari likishapanda meli barua hailifuati, na logbuku ya Kenya haisemi kitu. Mnunuzi wa tatu Malindi atajulia wapi?

Shemeji wa Leicester:
Mnaotaka kusafirisha kutoka Uingereza, malizeni huku huku. Kazi ya mwito kwa kawaida ni bure, hata uwe mnunuzi wa tano. Likifika Kilindini, ni juu yako.

Mama Rukia:
Ba Swaleh, nimekutumia. Jirani asema ana mteja mwingine jioni. Nimemwambia mdogo wangu amwache auze.

Ba Swaleh:
Jirani wa kuharakisha hivyo simpendi. Nimeangalia: limo kwenye orodha, mfuko wa upande wa abiria, na halionyeshi kuwa lilitengenezwa. Kama mdogo wako bado analitaka, apige simu kwa wakala wa Toyota Mombasa awasomee chesisi, aulize kama kifaa kipo na nani atalipia. Fundi wa mtaani asiuguse mfuko huo, mle ndani mna kilipuzi. Na mpaka ubadilishwe, kiti cha mbele cha abiria asikae mtu.