Power BI: takwimu hubadilika nikibofya chati

Wanajukwaa, habari zenu. Najifunza kusoma ripoti za mauzo katika Power BI, programu ya Microsoft ya kuonyesha takwimu kwa chati, lakini kila ninapobofya pau ya mkoa mmoja, chati nyingine zote hubadilika, na kesho yake nakuta vichujio vya jana (machaguo ya data ipi ionyeshwe) vingalipo. Nifanyeje?

Jibu la 1: Ndugu, hiyo si hitilafu. Chati za ukurasa mmoja huathiriana, hivyo bofya pau ileile tena ili kuondoa uteuzi, au shikilia Ctrl ukitaka mikoa miwili kwa pamoja.

Jibu la 2: Naongezea kwamba ripoti inayofunguliwa kwenye kivinjari hukumbuka vichujio vyako, hivyo bonyeza alama ya mshale uliopinda, iliyo juu ya ripoti, irudi kama mwandaaji alivyoiacha, hasa kabla hujapeleka jumla yoyote kwa meneja.

Muuliza swali: Nimeuona mshale. Ahsanteni.