Kiangazi kizima katika kwaya: je, mpiga tarumbeta anapoteza muda?

Mpiga Tarumbeta
Ndugu wanamuziki, nawasalimu. Ninasomea muziki katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na chombo changu ni tarumbeta. Nimepata nafasi ya kuimba sauti ya tatu katika kikundi kitakachokaa pamoja wiki 6 za kiangazi, kikifanya mazoezi asubuhi na jioni. Mwalimu wangu wa tarumbeta hapendezwi, kwa kuwa misuli ya midomo isipofanya kazi kila siku hulegea. Mimi nimekulia katika kwaya ya kanisa kule Kakamega, ambako nilisoma sol-fa (noti za do, re, mi) miaka mingi kabla ya kuzijua noti za mistari mitano, kwa hiyo moyo unanivuta. Waliowahi kuimba hivyo, je, kuliubadilisha uanamuziki wenu, au ilikuwa likizo njema tu?

Mwalimu wa Kwaya
Ndugu, umekaa jirani na mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Serge Koussevitzky, mwongozaji wa Orkestra ya Simfoni ya Boston, alipofungua shule yake ya muziki ya kiangazi huko Tanglewood, katika jimbo hilo lako la Massachusetts, tarehe 8 Julai 1940, alitaka siku hiyo wanafunzi waimbe. Alimwomba Randall Thompson atunge kitu cha shangwe. Lakini Ufaransa ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wajerumani wiki chache tu kabla ya hapo, na Thompson, akiona kwamba shangwe haikufaa wakati huo, akatunga wimbo wa taratibu wenye neno "Aleluya" likirudiwa tangu mwanzo hadi linapofuatwa na "Amina". Aliumaliza siku 3 kabla ya ufunguzi, na nakala ziliwafikia waimbaji ikiwa imebaki chini ya saa moja. (Nasi hulalamika nota zikichelewa wiki!) Wimbo huo umekuwa desturi ya ufunguzi wa shule hiyo.

Mimi ni mpiga fidla, na kiangazi nilichoimba kilinibadilisha sikio. Kwenye kinanda, mi imekwisha kupangwa na fundi, nawe unabonyeza tu. Katika kwaya isiyosindikizwa na chombo, mi inayoimbwa pamoja na do na so mnaitafuta wenyewe, na ikitua mahali pake huwa chini kidogo ya ile ya kinanda, takriban senti 14 (senti ni kipimo cha urefu wa sauti: nusu-toni nzima, yaani hatua kati ya vitufe viwili jirani vya kinanda, ni senti 100). Mara ya kwanza kuisikia ikitulia hivyo, nilidhani kuna mtu mwingine anayeimba. Niliporudi kwenye fidla sikuweza tena kuweka kidole pale nilipokuwa nimezoea bila kwanza kuwasikiliza wenzangu, na hilo halijaniondoka hadi leo.

Besi
Shikamoo Mwalimu. Habari ya sikio naikubali, ila naomba tusimdharau mwalimu wa kijana huyu. Mimi hupiga gitaa la besi, na kiangazi changu kilikuwa chini ya mwongozaji aliyetuimbisha kwa nguvu kutwa nzima, hata ikifika wiki ya tatu nusu yetu hatukuwa na sauti, na vidole vyangu vilikuwa vigumu kama mti. Faida niliyoipata ni pumzi: tulifundishwa kuvuta hewa kwa zamu katikati ya neno, ili mstari usikatike hata kila mmoja anaponyamaza kidogo kuvuta pumzi. Mpiga tarumbeta akiwa peke yake hana wa kumpokea, lakini atajua mstari mrefu unapaswa kusikikaje. Uliza kwanza ratiba ina saa ngapi za kupumzika.

Alto wa Mwanza
Mimi ningeuliza jambo jingine: je, mtaimba mkiwa na karatasi au bila? Kwaya ya Tamasha la Tanglewood, iliyoanzishwa na John Oliver mwaka 1970, inaundwa na waimbaji wa kujitolea, na chini yake ilijulikana kwa kuimba kazi kubwa za kwaya na orkestra kwa kichwa. Anayeimba kwa kichwa hawezi kuikariri sauti yake pekee, kwa sababu ni soprano au besi ndiyo humkumbusha wapi aingie. Mpiga tarumbeta anayekaa akihesabu mapigo 80 ya kimya kabla ya kuingia atanielewa.

Mpiga Tarumbeta
Asanteni nyote mlionijibu, na Mwalimu, shikamoo. Nimeuliza: kuna saa mbili za mapumziko baada ya chakula cha mchana, na maonyesho yote ni bila karatasi. Mwalimu wangu amekubali kwa sharti kwamba nitumie saa moja kati ya hizo kupiga noti ndefu, nikiwa nimeweka kizibo cha kupunguza sauti mbele ya tarumbeta ili nisiwaamshe wenzangu. Nakala za nyimbo zimefika jana, na nimejikuta nikiandika do, re, mi kwa penseli juu ya kila noti.