MREJESHO: Lile boksi la nguo za kuchaguliwa mtandaoni

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama kuna aliyejaribu hizi huduma za huku Marekani, unajaza maswali mtu anakuchagulia nguo 5 unaletewa hadi mlangoni, usizotaka unarudisha. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kujipima kwa futi ya fundi badala ya kubahatisha saizi, nikaandika pia kwamba sivai juu ya goti. Gauni la kijani limenikaa kama nimeshonewa Kariakoo, na blauzi iko poa. Suruali ndo balaa, mapajani imebana halafu kiunoni ngumi nzima inaingia, yani hawa watu mahipsi hawayajui kabisa. Sketi ikaja fupi, sijui maelezo yangu alisoma nani! Koti zuri ila dola 98, hapana jamani.

Nimebaki na 2, zile 3 nimezirudisha kwenye mfuko wao ulioshalipiwa posta, na dola 20 nilizolipia huduma ya kuchaguliwa nguo wamezikata kwenye bei ya gauni.

Aliyesema nizime oda ya kila mwezi mapema, nisamehe dada angu, nilisahau, boksi la pili liko njiani 😅