Rangi ya soli ya kati kwenye raba inapasuka na kubanduka, nifanyeje?

MtotoWaKeko
Wakuu habari za jioni. Nina raba ya Jordan 4 nyeusi niliyoipata soko la mitumba la Karume mwaka jana kwa elfu sabini. Ngozi yake ilikuwa safi kiasi kwamba nililipa haraka muuzaji asije akashtuka. Shida ni soli ya kati, lile pande nene lililopo kati ya ngozi na soli inayokanyaga chini. Pale mbele kiatu kinapokunjwa, rangi ilikuwa na vistari vyembamba kama vya kiganja. Nikampelekea fundi mmoja wa kituoni, akapiga rangi ya mafuta juu kwa juu, dakika kumi, buku tano. Kilitoka kinang'aa kama jeneza. Wiki ya pili ikaanza kupasuka, na sasa hivi inafanana na jaruba la mpunga wakati wa kiangazi. Nikivua viatu mlangoni naacha vipande vyeusi, wife anafagia huku ananiangalia.

Tarehe 28 namsindikiza shemeji yangu kwenye harusi na hiki ndicho kiatu nilichopanga. Nibandue yote, au nipake nyingine juu yake? Na ni rangi gani? Nawasilisha.

Kibonge wa Tandika
Mkuu, harusi na raba? Vaa moka, mjadala ufungwe.

MtotoWaKeko
Kibonge, sare ya kamati ni suti na raba. Sijapanga mimi.

FundiSoli
Usipake juu. Ukipaka juu ya rangi iliyopasuka, ile ya chini ikiachia inaondoka na mpya yako.

Sababu ni hii. Soli ya kati ya Jordan 4 ni povu la poliyurethani, na kila hatua unayopiga linakunjwa pale kwenye vidole. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa kama ganda la yai: soli inakunjwa, ganda halikunjwi, linavunjika. Hata rangi ya kiwandani huanza kupasuka hapohapo, ila yenyewe inavumilia muda mrefu zaidi.

Lakini kabla hujanunua hata pamba, bonyeza soli kwa ukucha, hasa kisiginoni na pale kwenye mkunjo. Ikibonyea na kurudi, soli ni nzima na ugonjwa wako ni rangi tu. Ukucha ukizama, ikamung'unyuka kama mkate uliolala siku tatu, weka brashi chini. Poliyurethani inaliwa na unyevu mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kikiwa kimelala boksini bila kuvaliwa. Na sisi watu wa Pwani unyevu tunao wa kugawa. Toleo la kwanza la kiatu hicho ni la 1989, na matoleo ya marudio yamekuja mengi, kwa hiyo kwenye mitumba hujui unashika cha umri gani. Angalia mwaka kwenye kile kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani.

MtotoWaKeko
Nimebonyeza hadi ukucha umeuma. Inarudi. Kitambulisho kimefutika, naona namba ya saizi tu.

FundiSoli
Umebahatika. Sasa tafuta asetoni, pamba, tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi za magari, na msasa laini, namba 400 inatosha. Ziba ngozi yote inayopakana na soli. Ziba pia kile kidirisha cha plastiki kisiginoni, asetoni ikikigusa kinapata ukungu usiotoka tena. Lowesha pamba kidogo, futa, tupa, chukua nyingine. Usimimine. Ikizama kwenye maungio inalegeza gundi, utakuja hapa na uzi mwingine wa soli kuachia. Fanyia nje, mbali na jiko.

Mama Shamsa Saluni
Mwanangu, asetoni nenda maduka ya vipodozi, ile tunayotolea kucha za bandia. Soma chupa kwanza. Za kutolea rangi ya kucha nyingi siku hizi hazina asetoni kabisa, na wengine wameandika hivyo hivyo kwa maandishi makubwa. Utasugua mpaka adhuhuri. Na vaa glavu, inakausha ngozi mpaka inapauka.

Kibonge wa Tandika
Mbona mimi natumia tina ya rangi na sijawahi kupata shida?

FundiSoli
Tina ni mchanganyiko, na kila duka lina wake. Leo haina neno, kesho inalainisha povu. Kiatu ni chako, Kibonge.

Ndula254
Salamu kutoka Nairobi. Mimi huchukua raba zangu soko la mitumba la Gikomba na nimepitia hii shida mara tatu. Rangi nunua ya akriliki ya ngozi, ile ya maji, kama Angelus. Ikikauka inabaki laini na inakunjika na soli. Kosa langu la kwanza lilikuwa kupaka nzito ili nimalize haraka. Paka nyembamba, hata ukiona ya kwanza imeacha mabaka usijali, ngoja ikauke, rudia. Mimi hufika tano. Na usipeleke brashi mbele na nyuma mahali pamoja, utaivuruga ile ya chini.

Swali dogo: lazima iwe nyeusi? Yangu moja niliiacha bila rangi baada ya kuifuta, na watu wanaulizia nimeitoa wapi.

MtotoWaKeko
Wakuu, mrejesho. Jana nimefuta mguu wa kushoto. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili nyeusi, ya tatu ikatoka nyekundu! Kumbe chini ya rangi ya fundi kulikuwa na rangi ya mtu mwingine kabla hakijafika Karume. Nimetumia karibu robo tatu ya chupa kwa mguu mmoja, na chini kabisa soli ni nyeupe ya maziwa, haina ufa hata mmoja. Nyufa zote zilikuwa za rangi.

Ndula254, nimekisimamisha juu ya meza, naangalia ule weupe, nashindwa kuamua.

FundiSoli
Fuata suti. Ukipaka, anza mapema, ukipe angalau siku nzima bila kuvaa baada ya mkono wa mwisho. Na ukiwa ukumbini usichuchumae kupiga picha, mkunjo ndio adui.

Mama Shamsa Saluni
Suti ya rangi gani kwanza?

MtotoWaKeko
Bluu ya bahari, mama.

Mama Shamsa Saluni
Acha nyeupe. Na nunua chupa nyingine leo, una mguu wa kulia bado.